Sura ya Sita: Chakula Kina Saa Yake

Mgeni akishuka Chake Chake saa nane mchana na njaa yake, atazunguka kituo cha daladala, apite sokoni, apande hadi ngome kongwe iliyogeuzwa makumbusho, kisha arudi akisema Pemba hakuna chakula cha mitaani. Alichokiona ni karanga kwenye vikaratasi, machungwa yaliyomenywa, na mgahawa mmoja ambao wali wake umebaki ukoko. Jua kali, baraza tupu, mbuzi wawili kivulini. Hukumu ni rahisi kuitoa saa kama hiyo, nayo si ya haki. Mtu huyu ametafuta mahali, na Pemba chakula hutafutwa kwa saa.

Matembezi ya kula kwa miguu, mwenyeji akiwa mbele na wageni nyuma, ni biashara iliyokomaa katika miji mingi ya Asia. Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, kiongozi hukuchukua jioni katika mitaa ya mji mkongwe, na elimu yake kubwa ni kujua wapi: kona hii supu ya phở, kichochoro kile mkate wa bánh mì, juu ya ngazi hizi kahawa ya yai. Wauzaji wengi wa huko hupika chakula kimoja tu, pale pale, miaka nenda miaka rudi. Mei 2016 Barack Obama, akiwa bado Rais wa Marekani, alikaa na mtangazaji Anthony Bourdain katika mgahawa wa Hương Liên wakala bún chả, nyama ya kuchoma kwa tambi za mchele. Baadaye meza waliyoikalia ikazungushiwa kioo, na watu huenda kuitazama. Karibu na kwetu, bustani ya Forodhani mjini Unguja, iliyokarabatiwa na kufunguliwa tena 2009, nayo inajulikana kwa mahali pake. Jua likizama, meza hupangwa na mgeni huchagua.

Pemba hakuna wa kuizungushia kioo meza, maana meza yenyewe ni sinia kichwani kwa mtoto anayetembea. Jiko liko uani kwa mtu. Mama hupika chakula, mwanawe au jirani hutoka nacho, na kikisha kimekwisha mpaka kesho saa ile ile. Anayetaka kutembeza wageni kisiwani hapa aanze na saa, na saa zenyewe hazitolewi na ukuta wa ofisi. Hutolewa na adhana, na maji ya bahari, na msimu wa karafuu.

Kabla ya jua

Kazi ya kitumbua huanza jana yake. Mchele huloweshwa ukalainika, ukasagwa pamoja na tui la nazi, sukari, iliki na hamira kidogo, ukaachwa uumuke usiku. Zamani ulitwangwa kinuni, siku hizi wengi hutumia blenda au hupeleka mashineni. Alfajiri chuma cha vitumbua huwekwa juu ya makaa. Ni chuma chenye vishimo vya duara, na kila kishimo hutiwa mafuta kwanza ndipo ukafuata uji wa mchele.

Mpishi mzoefu hupika kwa sikio. Uji ukigusa mafuta usilie, chuma hakijapata moto. Ukilia kwa fujo, kitumbua kitaungua chini na tumboni kibaki kibichi. Anangoja mpaka ukingo uanze kukauka huku katikati pakitikisika bado, kisha kwa ncha ya kijiti chembamba anakizungusha mara moja, kinageuka na kukalia uso wake wa pili. Kile cha kwanza hakiuzwi. Huwa hakikukaa sawa, na mtoto aliyeamka mapema ndiye mwenye nacho.

Saa kumi na mbili ndoo yenye mfuniko imeshatoka nyumbani. Saa mbili imerudi tupu. Saa hizo hizo mitaani kuna mandazi, mkate wa kumimina uliokatwa vipande, muhogo wa kuchemsha, maharage ya nazi kwa chapati, na chai ya tangawizi kwa watu wa soko na madereva. Kiongozi anayewaleta wageni saa tatu, baada ya kifungua kinywa cha hotelini, hupokewa hivi:

“Hodi, bi mkubwa. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Karibuni. Ila mmechelewa, vimeshakwisha.”

“Hata vya kuonja?”

“Vya kuonja vimekwenda skuli na watoto. Njooni kesho, jua halijatoka. Na niambie leo hii mko wangapi, nisije nikaroweka mchele mchache.”

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo ya kushikwa. Mpishi wa uani hana akiba, hupima mchele kwa idadi ya wateja anaowajua kwa sura. Kundi la watu wanane likimzukia, ama litakosa, ama litakula fungu la watu wa mtaa ambao ndio wanaomweka mjini mwaka mzima. Kiongozi anayejua kazi yake hupita jana, akaweka oda, akaacha na fedha ya mchele na nazi.

Mchele ulikotoka

Kitumbua kina ndugu wa mbali. Kusini mwa India hupikwa paniyaram kwa chuma cha vishimo kama hicho. Kusini mwa Vietnam kuna bánh khọt, ya unga wa mchele na mara nyingi tui la nazi, ila huko huwekwa kamba juu yake ikaliwa na majani mabichi na mchuzi wa samaki, haina sukari ya kusindikizia chai. Mkate wa kumimina nao una mwenziwe Vietnam, bánh bò, wa mchele uliochachuka na wenye matundu matundu ndani. Mchele na nazi vikikutana katika nchi ya pwani, mikono ya watu hufikia mambo yanayofanana.

Hata hivyo mchele si chakula cha asili cha kisiwa hiki. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba Tumbe na Chwaka, kaskazini mashariki mwa Pemba, na mwenzao Sarah Walshaw akazichunguza punje zilizoungua zikabaki ardhini karne nyingi. Matokeo yake, aliyoyachapisha 2010, ni ya kushangaza kwa anayedhani Mpemba alizaliwa na sahani ya wali mkononi. Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, nafaka kuu ilikuwa uwele na mchele ulikuwa kidogo. Chwaka, mji uliokuja baadaye kuanzia karne ya 11, mchele ndio uliotawala. Kati ya zama za miji hiyo miwili Uislamu ulienea, biashara ya bahari ilikua, na wali ukawa chakula cha karamu na cha kumheshimia mgeni. Mwandishi wa Baghdad, al-Masudi, aliyesafiri kutoka Qanbalu hadi Oman mwaka 916, aliwakuta Waislamu Qanbalu, mji ambao wataalamu wengi wanauhusisha na Pemba, hasa Ras Mkumbuu.

Wareno walipokuja baadaye, meli zao zilileta mazao ya Amerika: muhogo, mahindi na pilipili. Kwa hiyo sinia moja la jioni Chake Chake, lenye kitumbua, kipande cha muhogo na pilipili ya kusaga pembeni, limebeba safari za mabara matatu. Nafaka za zamani nazo hazikutoweka. Mkate wa mofa, wa unga wa mtama, bado una watu wake, na hakuna unachopatana nacho kama mchuzi wa pweza.

Maji yakitoka

Saa ya pweza hutolewa na mwezi. Bahari ya upande huu hupanda na kushuka kiasi cha mita 4 wakati wa bamvua, siku za kuandama kwa mwezi na siku za mwezi mpevu. Maji yakitoka namna hiyo miamba hubaki wazi kwa saa kadhaa, na watu, wanawake wengi wakiwemo, hutembea juu yake na chuma mkononi wakichungulia mashimo. Jicho lisilozoea huona jiwe tu. Lililozoea huona makombe yaliyomwagwa mlangoni mwa shimo, mabaki ya chakula cha pweza, na hapo ndipo chuma kinapoingia. Siku za maji mafu mwamba haufunuki vya kutosha, na pweza aliyepo mjini huwa ametoka kwa wapiga mbizi au kwenye barafu.

Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wanaifungua kwa siku moja yenye shamrashamra. Pweza hukua upesi sana, kwa hiyo miezi michache ya subira huonekana kwenye mizani. Kiongozi wa matembezi anayejua tarehe ya kufungua ana kitu cha kuwaonyesha wageni ambacho hakipo kwenye menyu ya hoteli yoyote.

Samaki wengine wana saa yao ya asubuhi. Tumbe kuna soko kubwa la samaki, ambako madau yakifika mzigo hunadiwa pale pale kwa sauti na kwa haraka, maana jua halisubiri. Changu, tasi na jodari hupanda baiskeli na pikipiki kwenda vijijini, na wasiouzwa wabichi hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa wakawa ng’onda.

Pweza aliyefika mjini hupigwa juu ya jiwe mpaka minyiri ilegee, halafu huchemshwa kwa maji kidogo, maana hutoa ya kwake mwenyewe. Jioni hukatwa vipande juu ya ubao, akatiwa ndimu, chumvi na pilipili. Supu yake humiminwa vikombeni, na wanaume huinywa wakiwa wima huku wakisifu nguvu inayoleta, kwa utani ambao kiongozi mwenye adabu huutafsiri nusu.

Mchana wa kukaa ndani

Kuanzia saa tano hadi Alasiri mtaa hupumzika. Watu wako kazini au majumbani, na chakula cha mchana ni cha mkeka wa nyumbani: wali, ugali, ndizi au muhogo kwa mchuzi wa samaki na mchicha. Hapo ndipo alipokwama yule mgeni wa saa nane. Saa hizi zitumike kwa jambo lisilohitaji tumbo.

Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kuna Kiwanda cha Makonyo, ambacho hutengeneza mafuta kwa kutumia vikonyo vya karafuu, vile vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Hapa mgeni hueleweshwa kwa nini kisiwa kinanukia. Karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku, ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kiliing’oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha zaidi ile ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye zao hilo. Mnunuzi halali ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, lililoanzishwa 1968.

Ajabu ni kwamba harufu hiyo yote haipo kwenye sinia la barabarani. Sufuria kubwa la pilau hutosheka na chembe kidogo, na vyakula vingi vya mitaani havina hata moja. Vietnam mchuzi wa phở hutiwa karafuu pamoja na mdalasini, na Indonesia karafuu nyingi huishia kwenye sigara zao za kretek. Mpemba akiitazama karafuu anaona ada ya skuli, mabati na mahari. Kitoweo kina viungo vyake vingine.

Alasiri hadi Isha

Baada ya sala ya Alasiri mji hufunguka. Watoto waliotoka chuo cha Kurani hupita na masinia: bajia za kunde, kachori za mbatata zilizopondwa na ndimu, sambusa, katlesi. Bibi mmoja huketi kwenye kigoda mbele ya mlango wake na sufuria la urojo, mwenye kuja na bakuli lake akatiliwa, asiye nalo akapewa bakuli na kijiko. Mbele kidogo kuna mishikaki juu ya makaa, na kijana anayepepea kwa kipande cha boksi huku akipokea oda tatu kwa wakati mmoja bila kuandika.

Umeme umebadilisha sura ya saa hizi. Mpaka 2010 kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka huo ndipo waya uliopita chini ya bahari ulipoleta umeme kutoka Tanga. Kwa muuza chakula maana yake ilikuwa barafu, juisi ya ukwaju iliyo baridi, askrimu za watoto, friji ya kumweka pweza mpaka kesho, na balbu ya kumwezesha kuuza baada ya Isha.

Muuza kahawa huja Magharibi imekaribia. Dele lake liko juu ya makaa, na anagonganisha vikombe vidogo kwa mkono mmoja ili barazani wajue amefika. Kahawa ni chungu, haina sukari, na huenda na kashata au tende. Barazani husemwa bei ya karafuu, mpira wa Uingereza na siasa, na mgeni aliyetulia hupewa nafasi akae. Hapa kiongozi anyamaze kidogo, kahawa ya baraza haihitaji maelezo.

Anayeweza kusogea kaskazini afike Wete, ambako halua ndiyo fahari ya mji. Hupikwa kwa sufuria kubwa la shaba: wanga, sukari na samli, kisha iliki, kungumanga, zafarani na lozi. Kazi kubwa ni kukoroga kwa mwiko mrefu, saa nyingi, bila kuuacha ugande chini, na wapishi hupokezana. Halua na kahawa chungu ni adabu ile ile ya kumpokea mgeni Oman, na haishangazi: Pemba ilitawaliwa na masultani wa asili ya Oman, na leo Muscat kuna familia nyingi zenye ndugu Wete na Chake Chake, zinazozungumza Kiswahili majumbani na kuagiza halua kila mtu anaposafiri.

Miezi inayogeuza saa

Ratiba hii yote hupinduka mwezi wa Ramadhani. Mchana hakuna kinachouzwa wala kuliwa hadharani, na mgeni asiyefunga hula ndani kwa heshima ya watu. Lakini Alasiri ikiingia, njia hujaa kuliko mwezi wowote: majimbi, shelisheli, ndizi mkono wa tembo, muhogo wa nazi, kaimati zinazong’ara sukari, tambi, uji wenye pilipili manga. Matembezi bora ya mwaka mzima ni ile saa moja kabla ya Magharibi, kwa sharti kwamba mgeni asiguse kitu mpaka adhana. Akivumilia pamoja na wenyeji, atapewa tende na mtu asiyemjua.

Msimu wa karafuu nao huhamisha chakula. Mavuno hayalingani mwaka hadi mwaka, ila yakiwa mazuri wachumaji hutapakaa mashambani, majamvi ya karafuu hutandikwa kando ya barabara, na wauza vyakula huzifuata fedha huko huko. Mwenye vitumbua aliyekuwa akiuza mjini anaweza kuwa kijijini chini ya mkarafuu, na sinia lake hurudi mjini msimu ukimalizika.

Kazi ya kiongozi

Kiongozi wa matembezi Pemba, basi, hahitaji ramani kubwa. Agawe siku mara mbili: matembezi ya kabla ya jua mpaka saa mbili, na ya Alasiri mpaka Isha. Achukue kundi dogo, maana uani hapaingii watu ishirini. Awaambie wageni wafunike mabega na magoti, wavue viatu wakialikwa ndani, na wasimpige mtu picha kabla ya kumwomba. Kwa mtoto mwenye sinia, ruhusa iombwe kwa mzazi.

Awe na macho ya usafi pia. Wakati wa mripuko wa kipindupindu wa 2015 na 2016 uuzaji wa vyakula mitaani Zanzibar ulisitishwa kwa muda, na waliobeba hasara ni hawa hawa wapishi wa uani. Chakula kinachotoka motoni mbele yako hakina shaka kubwa. Cha kuuliza ni maji ya juisi, barafu, na kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi. Mpishi mzuri haudhiki na swali, huonyesha ndoo yake yenye mfuniko na maji yaliyochemshwa.

La mwisho ni fedha. Mahali ambapo chakula kina anwani, mgeni humlipa aliyepika. Pemba anayepokea shilingi ni mtoto au jirani, na mwenye kuamka usiku kusaga mchele haonekani. Kampuni inaweza kumtoza mgeni dola nyingi kwa matembezi ya saa tatu, na mpishi akaambulia bei ya vitumbua sita. Dawa yake si ngumu: fungu la mpishi liwekwe kwenye bei ya matembezi tangu mwanzo, alipwe kwa kufundisha na kwa kupokea wageni, mbali na alichouza, na alipwe yeye mwenyewe mkononi. Anayelipwa ataongeza kiwango chake, atanunua chuma cha pili, atampa kazi jirani. Asiyelipwa ataendelea kupika kama kawaida, ila siku kundi litakapobisha hodi, mchele alioloweka utakuwa wa watu wake tu.